Barua ya wazi kwa Makatibu Wakuu: mwiteni afisa habari kikaoni kabla ya kumwita mbele ya kamera

Ndugu Makatibu Wakuu wa Wizara, Makatibu Tawala wa Mikoa na Wakurugenzi wa Halmashauri,

Barua hii inawahusu ninyi kuliko inavyowahusu maafisa habari wenu. Wao wameshaandikiwa vya kutosha. Hukusanywa kwenye vikao kazi, hufundishwa kuandika taarifa, kupiga picha na kuendesha kurasa za mitandao, kisha hurudi vituoni. Wiki mbili baadaye ajali inatokea, au dawa zinaisha hospitali ya wilaya, mwandishi anapiga simu, na afisa anajibu, "Naomba nikupigie baadaye kidogo." Hapigi. Kazi anaijua, ila hana cha kusema. Kikao kilichojadili jambo hilo asubuhi hakuwamo, na jedwali la takwimu liko kwa mkuu wa idara ambaye naye anasubiri kauli yenu.

Tunaomba jambo moja, na mengine yote humu yanatokana nalo: msemaji awemo chumbani jambo linapoamuliwa, na atoke humo akiwa na ruhusa ya kusema.

Kwenye karatasi hili limeshakubalika. Mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano Serikalini anawajibika moja kwa moja kwa Katibu Mkuu. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamfanya Mkurugenzi wa Idara ya Habari (MAELEZO) kuwa Msemaji Mkuu wa Serikali. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka huohuo inataka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Lakini tazameni siku ya kawaida ya afisa habari wa halmashauri: anabeba kamera kwenye ziara, anafuatilia fulana na mabango ya Nanenane, anaandika hotuba ya mgeni rasmi, anaingia kikaoni kupiga picha tatu za ufunguzi, kisha anatoka na mlango unafungwa nyuma yake. Jioni anaulizwa kilichoamuliwa humo ndani.

Saa za mwandishi ndizo zinazosahaulika kuliko yote. Redio ina habari kila saa. Televisheni inafunga taarifa yake kabla ya saa 2 usiku, na picha lazima ziwe zimehaririwa mapema zaidi. Gazeti lina kurasa zinazofungwa alasiri na ukurasa wa kwanza unaofungwa jioni. Mtandaoni ni dakika. Mwandishi wa mkoani aghalabu hulipwa kwa habari iliyotoka, hivyo habari iliyolala ikisubiri jibu lenu huenda isimlipe kitu. Hapo ndipo linapozaliwa sentensi ambalo kila mmoja wenu amewahi kulisoma: "Jitihada za kumpata mkurugenzi ziligonga mwamba baada ya simu yake kuita bila kupokelewa." Wengi wenu hulichukulia kama uchokozi. Kwa mwandishi ni stakabadhi tu kwamba aliuliza.

Kuna kinachowezekana ndani ya saa moja hata mkiwa hamjui mengi. Dakika 15 za kwanza ni za kukiri kwamba swali limefika na kusema jibu litatoka saa ngapi. Kabla saa haijaisha, itoke taarifa ya sentensi tatu: kilichothibitishwa, kinachofanyika sasa, na muda wa taarifa inayofuata. Muda huo ukifika, semeni, hata kama cha kusema ni kwamba hakuna jipya. "Sijui kwa sasa, nitakujibu saa 9" ni jibu halali kabisa, mradi simu ipigwe saa 9. "Hatuna la kusema" si jibu. Ni mwaliko kwa mwandishi kumtafuta mtu wa pili ndani ya jengo lenu, na siku zote yupo.

Kinachozuia hayo ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinambana mtumishi kuhusu kuzungumza na vyombo vya habari. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inaadhibu utoaji wa siri, na katika ofisi nyingi mhuri wa siri hugongwa hata kwenye karatasi zisizo na siri yoyote. Afisa anajua akikosea neno moja atabeba mwenyewe, lakini akinyamaza hakuna atakayemuuliza. Mtu mwenye familia atachagua nini?

Dawa yake ni ukurasa mmoja wenye saini yenu: idhini ya kudumu. Ugawanywe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni yale afisa anayoweza kusema bila kumuuliza mtu: bajeti iliyokwisha kusomwa bungeni au kupitishwa na baraza la madiwani, tarehe na ratiba za miradi, majina ya wakandarasi waliokwisha kutangazwa, kauli zilizotolewa hadharani. Mtashangaa sehemu hii inavyobeba maswali mengi ya kila siku. Ya pili ni yale yanayohitaji simu moja kwa mkuu wa idara, naye awe na dakika 30. Zikipita bila jibu, afisa ampigie kaimu aliyetajwa kwa cheo, na kauli ya huyo iwe ya mwisho. Ya tatu ni yale yaliyo ya Katibu Mkuu au Waziri peke yao, na hapo afisa aruhusiwe kumwambia mwandishi wazi kwamba jambo hilo litasemwa na nani na lini. Bila kikomo cha muda kwenye sehemu ya pili, ukurasa wote hauna kazi. Kila kitu kitasukumwa huko kikalale.

Sasa takwimu za maafa, maana hapo ndipo Serikali hupoteza imani ya watu kwa haraka kuliko mahali pengine popote.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43: abiria 39 na wahudumu wake 4. Mchana ilitangazwa kwamba watu 26 wameokolewa. Baadaye ikatangazwa kwamba waliokufa ni 19. Mwandishi yeyote mwenye kalamu alijumlisha: 26 na 19 ni 45, na ndege ilibeba 43. Kwa saa kadhaa pakawa na maelezo ya kukisia, hata kwamba huenda waliozidi walikuwa waokoaji. Hatimaye shirika la ndege likasema walionusurika ni 24, na hesabu ikakaa sawa.

Hatuandiki hili kumsuta mtu. Waliokuwa ziwani siku ile walikuwa na kazi kubwa kuliko kuhesabu. Tunaeleza jinsi kosa la aina hii linavyotokea, kwa kuwa hutokea kila ajali kubwa. Hospitali inahesabu waliofikishwa. Polisi wanahesabu miili. Mkuu wa wilaya anahesabu alioambiwa kwa simu. Mtu aliyefikishwa hospitali na kufia huko ameshaingia kwenye "waliookolewa" na anaingia tena kwenye "waliofariki". Aliyehamishiwa hospitali ya mkoa anahesabiwa hospitali mbili. Kisha kila ofisa anasimama mbele ya kipaza sauti na namba yake, na zote ni za kweli kwa mahali pake na saa yake.

Kinga yake haina gharama. Karatasi moja yenye safu tano: waliokuwemo, waliotolewa na ambao bado wako hai, waliofariki eneo la tukio, waliofariki baada ya kutolewa, ambao hawajapatikana. Jumla ya safu nne za mwisho lazima ilingane na ya kwanza. Zisipolingana, hakuna kutangaza jumla; tangazeni zile safu mlizo na uhakika nazo. Kila namba iandikwe saa yake na chanzo chake: "Hadi saa 8:00 mchana, kwa mujibu wa hospitali ya mkoa." Atangaze mmoja, wengine wote wakiulizwa wamtaje huyo. Na pale ambapo safu ya kwanza yenyewe haijulikani, kama ilivyokuwa kwa kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018, ambapo idadi ya waliofariki ilipanda kutoka makumi hadi zaidi ya 220 kwa siku chache, semeni mapema kwamba idadi ya waliopanda haijulikani na kwamba namba itapanda. Namba inayopanda baada ya onyo inaeleweka. Ikipanda bila onyo inaonekana ilifichwa.

Jirani zetu Kenya waliona hasara ya vinywa vingi mwaka 2013 kwenye shambulio la kigaidi la jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Maofisa walizungumzia washambuliaji 10 hadi 15, na baadaye wakatajwa 4. Wizara, polisi na vyombo vingine kila kimoja kilikuwa na akaunti yake ya mtandao na habari yake.

Magonjwa ya mlipuko yanafuata mkondo huohuo, isipokuwa hapa kinachokosewa ni wakati. Mkoa wa Kagera umetupa mifano miwili ya kuwekwa mezani bega kwa bega. Machi 2023, kabla ya ugonjwa kujulikana, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuna watu 7 wenye dalili, 5 wamefariki, chanzo hakijajulikana na wataalamu wametumwa. Tarehe 21 mwezi huohuo ikasema ni ugonjwa wa virusi vya Marburg: wagonjwa 8, vifo 5, watu 161 waliotangamana nao wanafuatiliwa. Kukiri kwamba hamjui jina la ugonjwa hakukuleta taharuki iliyoogopwa, na taarifa ya pili ilipokuja ilikuta watu wanaisubiri.

Januari 2025 mambo yalikwenda vingine. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani ndilo lililotangulia kutaja wagonjwa wanaoshukiwa. Wizara ikajibu kwamba hadi tarehe 15 vipimo vya washukiwa wote havikuonesha virusi vya Marburg. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, akathibitisha kuwa yupo mgonjwa mmoja. Ukisoma taarifa ya wizara kwa makini, ilikuwa na tarehe, nayo haikusema zaidi ya vipimo vilivyokuwapo. Tatizo ni kwamba umma ulisikia neno moja tu, "hakuna". Taarifa ya vipimo visivyoonesha kitu inahitaji sentensi mbili za ziada, tena ziwe juu na si mwishoni: sampuli zinaendelea kuchukuliwa, na matokeo mengine yatatangazwa siku fulani. Sentensi hizo humwandikia mhariri kichwa cha habari tofauti. Na kunyamaza moja kwa moja ni kubaya kuliko yote: takwimu za kitaifa za UVIKO-19 zilizoishia wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020 zilikaa hivyo zaidi ya mwaka, na nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe.

Tukiwa hapo, ule mhuri mwekundu wa "UZUSHI" mnaougonga juu ya picha ya habari ya mtu na kuisambaza. Unasema jambo si kweli, hausemi kweli ni ipi. Mbaya zaidi, unaisambaza tena habari yenyewe kwa watu ambao hawakuiona. Kanusho linalofaa huanza na jambo sahihi, kisha hutaja kipande gani hasa cha habari kimekosewa, kisha hutoa uthibitisho: barua, namba, picha yenye tarehe. Kama nusu ya habari ni ya kweli, kirini hiyo nusu. Mwandishi ataichimba hata msipokiri.

Taarifa kwa umma. Iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme nini, wapi, lini, kiasi gani. Salamu na "katika kutekeleza azma ya" zishuke chini au zitoke kabisa. Chini yake pawe na namba ya simu inayopokelewa na jina la cheo. Halafu kuna hili, dogo lakini linaumiza kila siku: taarifa inachapwa, inapigwa mhuri, inaskaniwa, inatumwa kwenye kundi la waandishi kama picha. Mwandishi hana namna ila kuichapa upya, usiku, kwenye simu. Shilingi bilioni 1.6 inakuwa bilioni 16, na kesho mnaitisha kikao cha kulaumu vyombo vya habari. Tumeni yenye mhuri kwa uthibitisho na maandishi yanayonakilika papo hapo chini yake. Video itumwe kama faili, si kama video ya kawaida ya WhatsApp inayobanwa hadi inakuwa ukungu. Picha iwe na maelezo: nani kutoka kushoto, cheo, mahali, tarehe. Redio wapeni sauti ya sekunde 30 hadi 40 iliyorekodiwa mahali pasipo jenereta. Redio za wilayani mtazifurahisha kuliko mnavyodhani, na ndizo zinazosikilizwa na wale mnaotaka wasikie.

Mkutano na waandishi, presi kama wenyewe wanavyouita, umegeuka kuwa shughuli. Waandishi wanaitwa saa 4 asubuhi, mgeni rasmi anafika saa 6. Dakika 10 ni za itifaki, dakika 40 za hotuba iliyoanzia uhuru, halafu msherehesha anasema kwa uchache wa muda yatapokelewa maswali matatu, na la kwanza anapewa mtu aliyepangwa. Waandishi wanajua aliyepangwa. Hutazamana. Geuzeni uwiano: maelezo dakika 7, maswali dakika 20, na swali la kwanza liende kwa anayetarajiwa kuuliza gumu zaidi, maana likijibiwa mapema chumba chote kinatulia. Hotuba ndefu igawiwe kwa maandishi mlangoni. Wataalamu wawili wenye takwimu wakae meza moja na msemaji, si nyuma ya pazia wakituma vikaratasi. Chumba kiwe na kisanduku cha kugawa sauti ili vipaza sauti kumi na vitano visirundikwe kwa gundi mbele ya uso wa waziri, na nafasi ya kamera iwe nyuma katikati, juu kidogo, siyo pembeni inakoonekana shingo. Bango la nyuma lisiwe la kung'aa. Anayefika na kuona presi imeanza kwa wakati mara tatu mfululizo, mara ya nne atawahi.

Masharti ya mazungumzo yawekwe kabla ya mazungumzo, kwa maneno, na pande zote mbili zikubali. Yako makubwa matatu: haya uninukuu kwa jina na cheo, haya utumie bila kunitaja jina, haya ni ya kukuelewesha tu, usiandike. Kusema kisha kuongeza "hiyo usiiandike" hakumfungi mwandishi, wala hapaswi kulaumiwa. Zuio la muda nalo, yaani habari iliyotolewa leo isitoke hadi kesho saa 5, liandikwe juu kabisa ya karatasi, na wapewe wote kwa saa ileile. Mkimpa mmoja mapema, mtakuwa mmempoteza kila mwingine.

Posho ya nauli tuiseme kwa ufupi. Kama eneo la tukio liko mbali, tafuteni gari la kuwapeleka waandishi. Bahasha iacheni. Habari iliyonunuliwa inajulikana na wasomaji hata wasipojua bei.

Likitokea kosa kwenye habari, pigeni simu kwa mwandishi kwanza, kisha mhariri, kisha barua inayonukuu sentensi lenyewe lililokosewa na kuambatanisha uthibitisho, na mkishindwana lipo Baraza la Habari Tanzania linalosuluhisha. Kumtoa mwandishi kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwa sababu ya habari moja ni adhabu inayowarudia. Ataandika inayofuata bila kuwauliza.

Na sasa lile zito. Msimtume msemaji akaseme jambo mnalojua si kweli huku yeye akidhani ni kweli. Oktoba 1983, Larry Speakes, aliyekuwa akizungumza na waandishi kwa niaba ya Rais Ronald Reagan, aliulizwa kama Marekani inakwenda kukivamia kisiwa cha Grenada. Akaenda kuuliza kwa watu wa usalama, akaambiwa akanushe kwa nguvu zote, akakanusha. Kesho yake askari walitua kisiwani. Hakuwa chumbani, walioamua walimwona hana haja ya kujua, na msaidizi wake mmoja, Les Janka, alijiuzulu. Siri ya kijeshi inaweza kulindwa bila uongo: msemaji anayejua atasema kwamba mambo ya aina hiyo hayazungumzii kamwe, iwe yapo au hayapo, na atasema hivyo kila mara ili siku moja asije akajulikana kwa kubadilisha jibu. Asiyejua hawezi kujilinda hivyo. Atakanusha kwa moyo mmoja, na kuanzia hapo kila kanusho lake, hata la kweli, litaandikwa kwa alama za mashaka.

Mambo ya vifaa tuyapitie mbio. Simu ya kitengo iwe ya ofisi, siyo ya afisa, maana akihamishwa huondoka na namba za waandishi wote wa mkoa. Iwe na kifurushi. Iwe na zamu ya Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ndege ya Bukoba ilianguka Jumapili. Tovuti ya halmashauri isiendelee kuwa na picha ya mkurugenzi aliyehama miaka miwili iliyopita.

Ule ukurasa mmoja wa idhini ukishasainiwa, nakala moja abaki nayo afisa, kila mkuu wa idara apewe yake, na nyingine ipelekwe kwa walinzi wa getini. Huko ndiko mwandishi mwenye kitambulisho hurudishwa akalete barua ya mhariri, akiwa amebakiwa na saa mbili kabla ya kurasa kufungwa, na afisa habari yuko ghorofa ya pili hajui kwamba kuna mtu alimtafuta.

Wenu,
Watu wa madawati ya habari na wa vitengo vya mawasiliano